Kaseti Namba Themanini na Saba

Kuna watu kazi yao ni kujenga nyumba, na kuna watu kazi yao ni kuzibomoa. Mama Kadi kazi yake, kwa miaka thelathini na miwili, ilikuwa kuandika maneno kwenye vipande vya karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, na kuvipanga kwenye visanduku. Jina lenyewe alilipata hapo, kwenye hizo kadi. Siku moja dereva wa ofisi alimuuliza kwa kejeli kama kweli watu hulipwa mshahara kwa kazi ya namna hiyo. Mama Kadi alimtolea uvivu mpaka dereva akaomba maji ya kunywa.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la madaftari na kalamu. Vyumba vitatu, visanduku mia mbili na kitu, harufu ya gundi, na feni moja iliyozunguka pale tu ilipojisikia. Humo ndimo ilimokuwa ikitengenezwa kamusi kubwa ya Kiingereza kwa Kiswahili. Mama Kadi aliingia akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, kazi ikiwa kwenye herufi A. Sasa ana hamsini na minne, mvi zimemjaa utosini, na kazi imefika P. Usicheke. Jaribu wewe uone.

Sheria ya ofisi ilikuwa moja, na Mama Kadi ndiye aliyekuwa polisi wake: sentensi ya mfano haitungwi. Kila sentensi inayoingia kwenye kamusi lazima iwe imetoka kinywani mwa mtu, mtu mwenye damu na jasho, na kadi iseme ni mtu gani na alisema lini. Karani mmoja mgeni aliwahi kujitungia mezani kwake, "Mtoto mzuri humpenda mwalimu wake." Mama Kadi alinusa tu ile kadi. "Nani kasema hivi? Mtaje! Na huyo mtoto nileteeni nimwone." Karani alitamani ardhi ipasuke.

Basi mwezi huo wakalifikia neno moja la Kiingereza linalohusu mambo ya kuhifadhi, "preserve". Mama Kadi alimwaga kadi zake mezani, akaanza kuzigawa mafungu, akaishia kushika kiuno. Jamani! Neno moja hilo hilo, na wenyewe wamelitwisha mizigo saba. Fungu la kwanza lilikuwa kumlinda mtu asipatwe na baya, hapo alikuwa na bibi mmoja aliyesema, "Tulimwomba Mungu atuhifadhi mpaka gari likafika." La pili, kukitunza chakula kisioze, kadi ya muuza samaki: "Ukimkausha vizuri, huyu anakaa miezi." La tatu, kulitengeneza jengo kuukuu lisije likaanguka. La nne, kudumisha kitu kisichoshikika kwa mkono, kama amani au heshima. Hapo palikuwa na mzee mmoja wa mahakamani aliyesema, "Nimeamua kunyamaza nilinde heshima yangu," kisha akaendelea kusema kwa saa nzima. La tano lilikuwa pori lililotengwa wanyama wakae humo bila kusumbuliwa. La sita lilimfurahisha kuliko yote, nalo ni shughuli au mahali ambapo watu fulani wanapaona kuwa ni pao peke yao. Mpishi mmoja wa hoteli ndiye aliyempa hilo: "Jiko hili himaya yangu. Meneja mwenyewe anabisha hodi."

Na la saba ni matunda yaliyopikwa na sukari yakatiwa kwenye chupa. Jemu. Fungu hilo lilikuwa na kadi moja tu.

Aliichukua. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, ule wa usichana, wenye mikia mirefu ya kujionyesha. Chini, mahali pa msemaji, alikuwa ameandika: mwanamke, mpika jemu, miaka arobaini na miwili. Kaseti namba 87, upande wa kwanza. Mtu mwingine angesoma akapita. Mama Kadi alikaa kitako, kadi mkononi, chai ikapoa na karanga zikabaki kwenye sahani. Huyo msemaji alikuwa mama yake mzazi.

Mama yake alikuwa akipika jemu ya mapera nyumbani na kuiuza kwa chupa kwenye maduka ya jirani. Ofisi ilipotaka mtu wa kuzungumzia mambo ya jikoni, Mama Kadi, wakati huo karani wa mwaka mmoja, alinyoosha mkono haraka haraka: mama yangu yupo. Mama akaja amevaa vizuri, kitoto chake kichanga kifuani, akazungumza mbele ya kinasa sauti kwa saa nzima. Miezi minne baadaye akaugua wiki mbili, akafariki. Kile kichanga kilikuwa na miezi tisa. Nani akilee? Baba yao alishatangulia kabla hakijazaliwa. Mama Kadi akakipokea, akakifunga mgongoni, na habari za kuolewa zikamwishia hapo hapo. Wachumba wawili walipiga hodi, walipokisikia kikilia wakakumbuka safari zao.

Kichanga hicho siku hizi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, fundi cherehani, ana chumba chake cha kazi mtaa wa tatu kutoka hapo, na watu wanamwita Kitinda kwa sababu ni kitindamimba. Ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Na tangu akiwa na miaka sita ana swali lake moja ambalo hajawahi kulichoka: "Dada, sauti ya mama ilikuwaje?"

Picha anayo. Picha ziko tatu, na katika mojawapo mama anacheka. Gauni la mama analo, amelipunguza kiuno. Lakini sauti? Aliuliza alipoanza shule, aliuliza siku alipovunja ungo, aliuliza siku ya harusi yake akiwa ameshapakwa wanja, nusura auharibu. Ilikuwa nzito? Nyembamba? Alikuwa anasema haraka? Na kila mara Mama Kadi alimjibu neno moja tu, "Ya kawaida," kisha akatafuta sufuria ya kusugua. Kitinda alikuwa akiumia. Alishamwambia waziwazi: "Wewe dada una choyo. Una mama peke yako, hutaki kunimegea."

Mambo yangeishia kwenye ile kadi, maana kila mtu ofisini alijua kwamba kaseti za zamani hazipo. Siku zile kaseti zilikuwa chache mno, na utaratibu ulikuwa huu: ikishasikilizwa na maneno yake kuandikwa kwenye kadi, kaseti inafutwa, inatumika kwa msemaji mwingine. Kadi ndiyo mali. Sauti ilikuwa ganda la ndizi.

Lakini wiki hiyo hiyo wapaka rangi walikuja kupaka korido. Wakavuta kabati kubwa lililokuwa limeegemea ukuta tangu enzi, na nyuma yake wakakuta boksi la kaseti kumi na tisa, vumbi limelala unene wa kidole. Mhariri Mkuu, kijana wa juzi tu mwenye tai ndefu, akaliweka mezani kwa Mama Kadi. "Mama, hebu angalia haya matakataka, kama hayafai yatupwe."

Matakataka ni hiyo tai yako, alimjibu kimoyomoyo, na kwa mdomo akasema, "Sawa, Mhariri."

Akazipangusa moja moja kwa pindo la kanga. Kumi na mbili. Thelathini na moja. Arobaini. Themanini na saba.

Moyo ulimpasuka paa! Kama ilikuwa nyuma ya kabati, nani aliifikia kuifuta? Si ilisahauliwa? Si ndiyo hii? Mtu mwenye akili zake angetafuta mashine kwanza, akasikiliza peke yake, ndipo aseme. Yeye, hodari wa kuwakaripia wenzake kwa papara, alinyanyua simu.

"Kitinda. Nimepata kaseti ya mama."

Upande wa pili cherehani iliyokuwa ikinguruma ikazimwa. "Kaseti gani?"

"Ya ofisini. Anazungumza. Saa nzima."

"Dada usinitanie. Dada, mambo haya hayataniwi."

"Nimewahi kukutania mimi?"

Kesho yake asubuhi Kitinda alifunga chumba chake cha kazi. Na huyo ni mtu ambaye hafungi hata akiwa na homa, mwenye magauni manne ya harusi yanayomsubiri na mabibi harusi wanaompigia simu kama wadai. Alipanda ngazi amevaa lile gauni la mama alilolipunguza, nywele zimesukwa upya. Ukimwona ungedhani anakwenda kuposwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina nafasi ya chakula tumboni. Iko wapi?"

Mashine ilikuwa tayari. Mama Kadi aliipata stoo, akaipeleka kwa fundi redio wa chini ikatiwa mkanda mpya wa mpira. Walijifungia chumba cha tatu, cha visanduku vya herufi za mwisho, pasipoingia mtu. Kitinda akatoa kitambaa mkobani mapema, akakikunja magotini. Mama Kadi akabonyeza.

Ikakoroma kwanza. Halafu mwanamume akakohoa, akasema, "Plasta haitaki haraka. Ukuta lazima uloweshwe kwanza."

Kitinda akamtazama dada yake.

"Uloweshwe kwa nini, mzee?" kikauliza kisauti cha msichana ndani ya mashine.

"Usiponywesha ukuta, binti, ukuta utainywa plasta yako."

"Huyo nani?" Kitinda akanong'ona.

"Mwashi," Mama Kadi akasema. "Mwashi mmoja. Na huyo anayeuliza ni mimi."

Ungetegemea wazime. Hawakuzima. Kitinda alisema pengine mwashi hakumaliza kaseti yote, pengine amebaki mama mwishoni, hata dakika moja, hata kucheka tu. Kwa hiyo walimsikiliza mwashi. Walisikiliza habari za mchanga mwembamba na mchanga mnene, za mwiko, za kamba na timazi, na za tajiri mmoja aliyetaka nyumba ya duara. Kila mwashi alipovuta pumzi Kitinda aliisogelea mashine. Walimaliza upande wa kwanza. Wakageuza. Mwashi alikuwepo na huko, amechangamka zaidi, hana dogo. Na kila baada ya muda kile kisauti cha msichana kikachomoza na maswali yake, kichangamfu, kisicho na habari. Jamani, mtu kujisikia mwenyewe akiwa na miaka ishirini na mitatu, na aliyemtaka hayupo! Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka juu.

"Basi," Mama Kadi akasema.

Kitinda alichukua kasha la kaseti akawa analifungua na kulifunga, kama afanyavyo na kasha la sindano akiwa na mawazo. Ndani ya kasha palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa. Akakikunjua. Akakisoma mara mbili.

"Dada. Imeandikwa, 'Imefutwa.' Halafu tarehe." Alihesabu kwa vidole, tarehe ya kifo cha mama yao aliijua kuliko ya kuzaliwa kwake. "Hii ni wiki tatu baada ya maziko." Akainua macho. "Na hii sahihi si yako?"

Mama Kadi alikichukua kile kikaratasi. Ilikuwa sahihi yake, na mkia wake mrefu.

Hakukumbuka siku yenyewe. Lakini alijua ilivyokuwa, maana siku za namna hiyo zilikuwa nyingi. Ulipewa orodha ya namba asubuhi, hakuna majina, namba tu. Ukakaa na mashine ya kufutia, kaseti inaingia, kaseti inatoka. Na wiki ile alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini kutoka msibani, hajalala usingizi wa maana, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa akilia nyumbani usiku kucha, na dawa yake ilikuwa mngurumo wa ile mashine. Ikianza tu kunguruma, analala.

"Ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeifuta. Walinipa namba, nikafuta namba. Sikuangalia, mdogo wangu. Nilikuwa nimekufunga mgongoni, nilikuwa nashukuru tu kwamba umelala."

Ngumi za Kitinda zilikuwa zimekibana kile kitambaa. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Hakuna kilichobaki?"

"Kipo. Kipo kimoja." Mama Kadi akaondoka mbio mbio, akarudi na ile kadi. Akampa kwa mikono miwili.

Kitinda akasoma kwa sauti, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mapera ukiyapika na sukari nusu kwa nusu . . . yanakaa mwaka mzima hayajaharibika." Akasoma tena. Kidole chake kikasimama katikati. "Hizi nukta tatu za nini?"

"Ndivyo tunavyoandika tukikata maneno. Maneno yasiyohusika na kamusi."

"Ulikata maneno ya mama?"

"Ilikuwa . . . Ulianza kulia. Mama akakatiza, akakugeukia akakubembeleza, ukanyamaza, ndipo akamaliza habari ya mapera."

Kitinda aliiweka kadi mezani taratibu, kama vile ina maji yatakayomwagika. "Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo kifuani kwake."

"Na alisema na mimi. Humu. Kwenye hizi nukta."

"Ndiyo."

"Aliniambia nini?"

Hapo sasa. Sentensi ilimjia Mama Kadi nzima nzima, wala hakuitafuta: Nyamaza mama, nyamaza, dada yako anafanya kazi. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na pumzi ndani yake, na mama yeyote duniani angeweza kuisema. Kwa miaka thelathini na miwili alisikiliza watu wanavyosema, kama kuna mtu wa kutunga sentensi ikafanana na kweli, basi ni yeye. Na nani angejua? Kaseti ndiyo hiyo, imejaa mwashi. Mbele yake mdogo wake alikuwa ameshafumba macho ili asikie vizuri, shingo ameinyoosha, na alikuwa anangoja kwa namna ambayo hajawahi kungoja kitu kingine chochote. Neno moja tu, na mtoto huyu angeshuka ngazi ana mama.

"Alisema," Mama Kadi akaanza.

Akashindwa. Si kwa sababu ya sheria ya ofisi, sheria aliitupa pale pale, potelea mbali. Alishindwa kwa sababu ile sentensi aliisikia kichwani kwa sauti yake mwenyewe, na alijua Kitinda atakwenda nayo nyumbani akidhani ni ya mama.

"Sikumbuki," akasema.

Kitinda akafumbua macho. "Jaribu."

"Nimejaribu miaka thelathini. Sikumbuki alikwambia nini. Na si hilo tu." Sasa alikuwa akilia, mtu mzima, machozi yanadondoka kwenye kadi za mafungu yote saba na wala hazisogezi. Hakulia namna hiyo hata makaburini, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na chupa ya maziwa mkononi. "Sauti yenyewe sina. Ilishanitoka. Sijui lini, nilikuwa nakulea, nilikuwa na kazi, siku moja nikaitafuta nikakuta haipo. Nayakumbuka maneno, tena yale niliyoyaandika tu. Ulipokuwa unaniuliza nikakujibu ya kawaida, nilikuwa nakuficha. Sikuwa na cha kukumegea, Kitinda. Sina kitu."

Huko korido wapaka rangi walikuwa wakibishana juu ya ndoo. Kitinda alimtazama dada yake, yule mwanamke aliyemjua kuwa na kila kitu: picha kichwani, hadithi, mama mzima mzima kwa miaka ishirini na mitatu.

"Tangu nikiwa na miaka sita nakuonea wivu," akasema. "Usiku nalala nakuchukia, unajua? Nasema, huyu anaye, mimi sina."

"Najua."

"Kumbe na wewe huna."

"Sina."

Kitinda alipangusa uso wake kwa kile kitambaa, kisha akampangusa na dada yake, bila upole sana, kama anavyofuta chaki kwenye nguo ya mteja.

"Haya, sogea," akasema.

Kiti kilikuwa cha mtu mmoja, na si kipana. Mama Kadi akasogea, na Kitinda akajibana pembeni yake, nusu kitini, nusu magotini kwa dada, na wakakaa hivyo, watoto wawili wa mtu mmoja, mpaka Mhariri Mkuu alipokuja kugonga mlango na hakuna aliyemwitikia.